Mashati Saba kwa Dakika Tisa

Jumatatu, 3 Machi 2008

Mvua. Banda limevuja tena, safari hii juu ya benchi la mbele. Watazamaji kumi na wawili. Sita kati yao walikuwa wanajikinga mvua tu. Nimetafsiri filamu ya ngumi ya Kichina kuanzia saa nane mpaka saa kumi, koo limekauka. Sijui Kichina. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikiwa sipo: mimi ni Polycarp, mzaliwa wa Masasi, miaka arobaini na moja, mkalimani wa filamu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Filamu inasema lugha yake, mimi nashika maikrofoni nasema yetu. Banda ni chumba cha mbele cha nyumba ya Bi Sabaha, mjane, mwenye nyumba wangu. Ng'ambo ya barabara yuko Mrisho, ambaye naye anajiita mkalimani. Ana televisheni kubwa na feni mbili. Kipaji hana.

Jioni Bi Sabaha kaniita uani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anaangalia ukuta. Akaniambia kuna tajiri anataka kiwanja. Abomoe, apandishe ghorofa nane. Kushoto kwetu ghorofa, kulia ghorofa, sisi tumebaki katikati na bati letu. Nikamuuliza amemjibu nini. Akasema anafikiri bado, atampa jibu Jumapili ya tarehe kumi na sita.

Siku kumi na tatu!

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda Kisutu, kwenye duka la intaneti la Dipti, kutafuta picha za mabondia za kubandika mlangoni. Nia: kumvuta mtazamaji kabla hajafika kwa Mrisho. Nikabonyeza pembeni kwa bahati mbaya. Ukafunguka ukurasa umejaa vipicha vidogo vidogo, kila kimoja na dakika zake. Sita. Nne. Kumi na moja.

Nikachagua ya dakika sita. Duara likazunguka. Likazunguka. Nusu saa nzima kwa filamu ya dakika sita! Kisha ikaja. Korea. Dada wawili wamegombana, wana mwavuli mmoja, mvua inanyesha. Wanatembea kimya mpaka kituoni. Basi. Hakuna ngumi, hakufa mtu. Mwisho unaona kila mmoja amelowa bega moja.

Nilitaka kucheka. Nikashindwa. Nikakaa nimeshika kile kipanya kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshikie.

Dipti akanieleza. Hizo ni filamu fupi, watu wanazitengeneza wenyewe, kwa kamera zao, bila kampuni, halafu wanaziweka pale yeyote atazame. Nikauliza staa ni nani. Akasema hakuna staa. Nikauliza sasa nani anapigana na nani. Akaniangalia kwa huruma, akaenda kuhudumia mteja mwingine.

Picha za mabondia nimesahau kuchapisha.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi Kisutu siku mbili mfululizo. Nakiri hapa tu. Nimemtazama kinyozi wa Kolombia akimnyoa baba yake mgonjwa kitandani, dakika nne. Nimemtazama mvuvi wa Norwei akingoja samaki juu ya barafu, na samaki haji. Huyo nimemwelewa sana. Nilimfikiria tangu Kisutu mpaka Mnazi Mmoja, nusura nigongwe na mkokoteni wa viazi.

Leo nimeipata yenyewe. Dakika tisa, kutoka Ureno. Bibi mzee anapiga pasi mashati ya kiume. Saba. Anayanyoosha kola, anayafunga vifungo, anayatundika kabatini. Halafu anayatoa yote, anayalowesha, anayafua, anaanza upya. Nyumba haina mwanamume. Hasemi neno. Hakuna muziki, unasikia pasi na saa ya ukutani.

Nililia. Nilimwambia Dipti ni kiyoyozi.

Kisha, machozi hayajakauka, mpango ukanijia mzima mzima!

Bi Sabaha ana mtoto mmoja, Seifu. Miaka kumi na moja iliyopita alizamia meli bandarini na wenzake wawili. Ikaja barua moja kutoka Durban. Haikuja ya pili. Chumba chake kipo vilevile, na kila Ijumaa mama yake anatoa godoro lake uani lipigwe jua. Matajiri wote waliotangulia aliwajibu neno moja: mwanangu akirudi atabisha hodi wapi?

Sasa anaanza kulegea. Basi! Nitamwonyesha bibi wa mashati. Atalia, atamkumbuka Seifu, hatauza. Nyumba itapona, banda litapona. Tena ni sanaa. Sioni dhambi iko wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Dipti amekubali kuipakua filamu na kuichoma kwenye CD. Tumeanza saa nne asubuhi. Saa saba na nusu imefika asilimia tisini na sita. Umeme ukakatika. Tumeanza tena kwenye sifuri.

Wakati tunangoja akasema lazima nimwombe ruhusa mwenye filamu. Nikasema mwenye filamu yuko Ureno, hajui Mtaa wa Sikukuu upo. Akasema bila ruhusa hachomi. Mkaidi, kama mama yake Madhuben, ambaye alikuwa nyuma ya kaunta akitikisa kichwa kuunga mkono. Nikatunga barua pepe, Dipti akaiweka kwa Kiingereza. Nilijitambulisha kama Mkurugenzi wa Jumba la Sinema. Dipti aliandika "banda". Nimeliona.

Niliporudi, Mrisho alikuwa kibarazani kwake. Akauliza Profesa anasoma nini huko Uhindini siku hizi. Nikamjibu mambo makubwa. Akauliza makubwa kiasi gani. Dakika tisa, nikasema. Akacheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu, 10 Machi

Jibu limekuja! Bwana anaitwa Nuno. Dipti alinisomea polepole, na kufikia katikati sauti yake ikashuka.

Anafurahi. Hajawahi kufikiria filamu yake itafika Dar es Salaam. Nionyeshe bure, nimwonyeshe nimtakaye. Ana ombi moja: nisiongeze muziki, nisiongeze maneno. Yule bibi ni mama yake mzazi. Mashati ni ya mdogo wake Nuno, aliyeondoka nyumbani asirudi. Mama alikuwa hasemi kitu akipiga pasi. Sasa naye amefariki, na ule ukimya ndio alioachiwa.

Nimeapa kwa Dipti, kwa Madhuben, na kwa Mungu, kwamba sitafungua mdomo.

Ila nitaandika hapa: mkalimani wa miaka kumi na tano kuambiwa anyamaze! Ni kama mpishi kuambiwa asiwashe jiko.

Jumatano, 12 Machi

Dada wawili wa mwavuli na mvuvi nao wenyewe wameruhusu, Dipti amenichomea; nimewajaribu hao dada mbele ya umma, kupima hali. Watu ishirini. Dakika sita. Ilipokwisha wote wakabaki wametulia. Nikavimba kichwa. Kisha mmoja akauliza inaanza saa ngapi.

Fujo. Walidhani ni tangazo. Wakatoka wakavuka barabara kwa msururu, na Mrisho akatangaza kwa maikrofoni yake, mtaa mzima ukasikia, kwamba kwake filamu zina mwanzo, zina mwisho, na katikati pia ipo.

Alibaki mtu mmoja, mchukuzi wa sokoni, gunia tupu begani. Aliomba niirudie. Nikairudia. Akatazama, akasema yeye na kaka yake hawajasemeshana tangu mwaka wa mafuriko ya Jangwani. Akaondoka.

Mtazamaji mmoja. Hilo siliiti ushindi, lakini nimeliandika.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Bi Sabaha amekuja baada ya sala ya alasiri. Nimemwekea kiti chenye mto, mahali pasipovuja. Mrisho naye akaingia bila kualikwa, akakaa nyuma. Nikaweka CD. Maikrofoni nilikuwa nimeizima na kuiweka juu ya spika, mbali na mkono wangu.

Shati la kwanza. La pili. Bi Sabaha ameegemea mbele. Mvua inapiga bati, na pasi ya yule bibi inapita, na mtu hapumui. Shati la tatu, la nne. Ilikuwa nzuri. Nakiri hakijawahi kutokea ndani ya banda lile kitu kizuri kama hicho.

Lakini halii! Namtazama pembeni, macho makavu. Dakika ya tano, makavu. Dakika ya sita. Kesho tajiri anakuja. Nikaanza kuwaza labda hajaelewa, labda anaona mtu anapiga pasi tu. Dakika ya saba, sijui mkono ulifikaje kwenye spika.

Nilisema kwa sauti ya kijana. Nilisema: "Mama, mimi mwanao. Usiiuze nyumba. Nipo njiani narudi."

Bi Sabaha akainua mkono. Hakugeuka.

"Nani kakutuma umsemee?"

Nikashusha maikrofoni.

"Seifu hakuwa na sauti hiyo. Wala hakuniita mama. Aliniita Bi Mkubwa, tangu mdogo, kwa kunitania." Akaelekeza kidole kwenye televisheni. "Irudishe mwanzo, Poli. Na hicho kidude mpe Mrisho."

Mrisho akaja mbele, akachukua maikrofoni mkononi mwangu, akachomoa waya. Hakucheka. Ningependa angecheka.

Tukatazama upya, dakika zote tisa. Mrisho alivua kofia. Lilipotundikwa shati la saba, na yule bibi akafungua kabati ayatoe tena, Bi Sabaha akasema taratibu, kama anaongea na mtu wa ndani ya televisheni:

"Mashati yanaisha kwa pasi, hayajavaliwa." Na baadaye: "Huyu mama kachoka."

Akasimama, akajifunga khanga vizuri, akaingia ndani.

Jumapili, 16 Machi

Amekubali kuuza.

Tajiri alikuja saa tatu, saa tatu na robo alikuwa ameshaondoka. Bi Sabaha akaniita. Nilidhani ananiita kunifukuza. Alikuwa ndani ya chumba cha Seifu, anahangaika na dirisha lililokwama kwa unyevu. Nikalisukuma likafunguka. Tukatoa godoro pamoja, tukapita nalo ukumbini, tukapita uani, tukatoka nalo nje. Jirani mwenye watoto wengi akalipokea.

Nikamuuliza, kwa sababu ilibidi niulize: Seifu akirudi je?

"Akirudi ataulizia. Mwanangu ana mdomo. Mtaa mzima unajua kwa mdogo wangu Mtoni ni wapi." Kisha akasema alikuwa akingoja ruhusa miaka kumi na moja na hakujua anaingoja kwa nani. Jana kaiona.

Akanishukuru! Akanishika mkono kwa mikono yake miwili akasema nimemfanyia jambo kubwa. Hapo ndipo nilipoumia. Mpango wangu ulikuwa mzuri kiasi kwamba ulifanya kazi upande wa pili.

Hakulia. Mimi nililia, chooni, na leo hakuna kiyoyozi cha kusingizia.

Jumatano, 26 Machi

Bati limeshushwa. Benchi zangu nne ziko kibarazani kwa Mrisho. Amenichukua, nitatafsiri zamu ya asubuhi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ana feni mbili, moja haina kazi. Halafu, baada ya kuhakikisha hakuna anayesikia, akauliza kama ile ya dada wawili bado ninayo.

Nimemwonyesha kabla ya kufungua. Tukatazama wawili tu. Akataka nyingine. Nimempa mvuvi wa Norwei. Sasa anataka kwenda Kisutu kesho akachague mwenyewe. Ameniuliza, kwa uzito kabisa, iwapo lazima avae viatu.

Mambo ya Bi Sabaha nimeyafikiria kwa siku kumi, kwa utulivu, bila kujipendelea. Nimegundua kosa lilipokuwa. Si langu. Ni la filamu. Unampa mama aliyepotelewa na mwana dakika tisa za pasi, na mwana haonekani hata mara moja! Angeonekana, hata mlangoni tu, hata kivuli, nyumba isingeuzwa.

Kwa hiyo nimemwandikia Nuno. Dipti alisoma mistari miwili akakataa kutafsiri, akasema anaona aibu hata mbele ya kiti chake mwenyewe. Nimeandika kwa Kiingereza changu. Nimempa pole ya msiba. Nimemweleza filamu yake ilivyopendwa Kariakoo. Kisha nimemshauri aiongeze dakika kumi, mwana arudi, abishe hodi, azungumze. Mama ameshafariki, najua, lakini anaweza kupigwa picha kwa nyuma, mtu yeyote akajifunga kitambaa.

Nimejitolea kuwa sauti ya huyo mwana. Nimeijaribu mara sita mbele ya kioo cha Mrisho. Ya nne ndiyo nzuri. Nimeirekodi na kuiambatanisha.