Mawingu ya Picha Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 6 Novemba
Kadi ya mwaliko imefika. Maonyesho ya mandhari za katuni zetu za zamani, zile tulizochora kwa mkono. Ukumbi wa sanaa wa Kichijoji, kuanzia Ijumaa. Na juu ya kadi wameweka nini? Mawingu yangu! Anga baada ya mvua, juu ya paa la bafu la mtaa, picha namba kumi na nne. Nilichora mimi, miaka thelathini na minane iliyopita, siku tatu jino likiniuma, karatasi ikiwa bado mbichi ili rangi itambae yenyewe. Chini wameandika: Kusakabe Jun'ichi na wenzake.

Wenzake! Kusakabe alikuwa mkuu wa chumba chetu cha uchoraji. Alichora paa. Paa tu! Mimi ndiye huyo "na wenzake". Nimeisoma kadi mara saba, mara zote saba nimebaki kuwa wenzake.

Mke wangu Fusae akasema niachane nayo, nitajipandisha presha bure. Nina miaka sabini na moja. Nataka jina la Wakimoto Shigeru liwe ukutani, kando ya mawingu yale, nikiwa bado naona. Ni mengi hayo?

Jumanne, 7 Novemba
Nimepata! Siku ya ufunguzi watu hutuma maua ya kusimama mlangoni, marefu kuliko mtu, yenye ubao wa jina. Nitajitumia. Ubao utasema: Kwa Bwana Wakimoto Shigeru, kutoka kwa Wapenzi wa Mawingu Yake. Wapenzi wenyewe hawapo, lakini nani ataomba kuwaona?

Nimepiga simu duka moja lililo kwenye karatasi ya matangazo. Rahisi kuliko yote. Muuzaji ana adabu ya ajabu, anaongea kwa sauti ya chini kabisa. Akauliza maua ya rangi gani. Meupe matupu, nikasema, kama mawingu. Akauliza Bwana Wakimoto ni nani kwangu. Nikamjibu kwamba duniani hakuna ninayempenda kuliko yeye. Akasema ananielewa. Yapangwe vipi? Kama mnavyopanga siku zote, nikamwambia, mimi si mtu wa makuu.

Ijumaa, 10 Novemba
Nimekwenda mchana, kofia na barakoa, nione kwanza Kusakabe anavyonuna.

Lahaula! Maua ya wenzangu mekundu, ya manjano, yanacheka. Yangu yana utepe mweusi. Maua ya msiba! Kumbe duka lile linatazamana na tanuri la kuchomea maiti. "Siku zote" yao ndiyo hiyo! Na watu wanapita, wanasoma jina langu, wanainamisha vichwa. Binti wa mapokezi anajifuta machozi, na hata hanijui.

Nikaingia ndani nimefura, tayari kupiga kelele. Nikafika picha namba kumi na nne. Pembeni wamebandika kadi mpya, wino haujakauka vizuri: Anga, kazi ya marehemu Wakimoto Shigeru.

Jina langu. Ukutani. Nikaufumba mdomo.

Nilimsikia binti akimweleza mgeni kwamba Bwana Kusakabe mwenyewe ndiye aliyeagiza kadi hiyo. Hakuuliza nimekufa lini wala kwa ugonjwa gani. Miaka yote hii hakupiga simu, halafu kunizika kumemchukua asubuhi moja! Imeniuma. Lakini kufa kufaana, na leo nimejifaa mwenyewe.

Jumamosi, 11 Novemba
Nimesimama kando ya picha saa nne nzima. Mama mmoja akasema ni hasara fundi kama huyu kufa bila kujulikana. Nikamuunga mkono. Nikaongeza kwamba alikuwa pia mtanashati. Akasogea mbali nami.

Jumapili, 12 Novemba
Kengele ya mlango. Kusakabe! Suti nyeusi, vijiti vya ubani, boksi la keki za maharage. Nikarukia kabati la magodoro, tambi zangu zikabaki mezani zinatoa moshi.

Akampa Fusae pole nyingi. Fusae, ambaye sikumwambia kitu, akadhani ni pole za baba mkwe wake, akamshukuru, akasema ni miaka arobaini sasa, ameshazoea. Kusakabe akapiga magoti mbele ya picha ya marehemu baba yangu, ninayefanana naye kama pacha, akaanza kulia. Akasema: "Wakimoto, ndugu yangu, nisamehe. Anga lile lilikuwa lako. Watu walilisifu, nikanyamaza. Mimi nilichora paa tu."

Hapo nani angevumilia? Nimeyangoja maneno hayo miaka thelathini na minane! Nikalifungua kabati, nikamwambia: "Haya, rudia hayo mbele ya watu!"

Alianguka kitako, ubani ukaunguza mkeka. Alipopata sauti hakubakiza tusi. Mzee mzima huna haya, tapeli, afadhali ungekufa kweli! Akasema anga lile halikuwa na lolote, paa ndilo lililolibeba. Akaondoka na keki zake. Fusae akaenda kuushona mkeka.

Jumatatu, 13 Novemba
Kadi imebanduliwa. Imerudi ile ya Kusakabe Jun'ichi na wenzake. Nikamwonyesha binti wa mapokezi kitambulisho: Wakimoto ni mimi, nipo hai, rudisheni jina langu! Akainama mara tatu. Akaeleza kwa upole kwamba marehemu huheshimiwa kwa jina. Walio hai wako ishirini na saba. Wakimwandika mmoja, wote watataka.

Nilirudi kwa miguu hadi nyumbani. Juu ya Kichijoji palikuwa na mawingu mazuri sana. Sikuyatazama.

Jumatano, 15 Novemba
Nimesoma gazetini kwamba maonyesho yanahamia Osaka mwezi ujao. Osaka! Huko hakuna anayeijua sura yangu.

Nimempigia muuza maua. Alinitambua kwa sauti, akanipa pole upya. Meupe, nikamwambia, utepe mweusi, panga kama siku zote. Safari hii somo nimelipata. Kusakabe akija tena, Fusae anifungie kabatini kwa ufunguo.