Skii za Bwana Shamba na Posa Yangu

Niliumbuka. Sizunguki. Niliumbuka mchana kweupe, huku kwetu milimani Upare, mbele ya baba wa binti niliyekuwa namposa, miguuni nimefungwa mbao za Ulaya.

Enzi hizo Mwingereza ndiye aliyetutawala, nami nilikuwa msaidizi wa Bwana Shamba, yule mzungu aliyezunguka vijiji vya juu ya Bombo akihimiza matuta. Kazi yangu ilikuwa kushika kamba ya kupimia na kuwaeleza wazee anachotaka. (Wazee walikuwa wakichimba mifereji kabla babu yake hajazaliwa, lakini tuyaache.) Nilikuwa na kaptura mbili za khaki, zimepigwa pasi ya mkaa mpaka zinasimama zenyewe. Jamani, ujana!

Mwezi wa pili likizo yake ikafika. Asubuhi moja nikamkuta barazani amezungukwa na vitu. Jozi mbili za mbao ndefu zenye ncha zilizopinda juu. Fimbo. Buti nzito kama mawe ya kusagia. Miwani ya jua. Mkewe, Bibi, alikuwa na kitabu chenye picha za milima myeupe.

"Hizi skii," Bwana akaniambia. "Kwetu watu wanateleza juu ya barafu."

Kumbe walikuwa wakibishana waende mlima gani. Bibi alitaka mji mmoja wenye hoteli, ambako mtu anakaa kwenye kiti kinachoning'inia kwenye waya, anapandishwa mpaka kileleni kama bibi harusi. Bwana alitaka bonde lisilo na waya wala hoteli, apande kwa miguu yake kutwa nzima, ateleze mara moja, arudi alale kwenye kibanda.

"Wewe ungechagua wapi?" Bibi akaniuliza.

Mimi barafu niliijua ile ya Kilimanjaro tu, na niliiona kwa mbali, asubuhi mawingu yakipenda. Lakini kupanda milima kwa miguu nilikujua vizuri mno.

"Kwenye kiti, Bibi."

Bibi akapiga makofi. Bwana akanuna. Akachagua jozi nyepesi, ya kupandia, akanionyesha vipande virefu vya ngozi ya mnyama wa baharini vinavyofungwa chini yake. Manyoya yote yamelala upande mmoja.

"Ukivaa ngozi, hapana teleza kurudi nyuma," akasema.

Nikashika "hapana teleza". Yale maneno mengine mawili niliyaacha palepale barazani.

Akanituma nizipeleke Bombo, kwenye lori linaloshuka Same, stesheni. Nikazitia begani, nikaondoka.

Njia ilipita juu ya nyumba ya Mzee Yohana. Siku hiyohiyo mjomba wangu, mshenga wangu, alikuwa uani kwa mzee huyo na wazee wengine wawili, akipeleka neno langu kuhusu binti yake, Nakundwa. Mila ilinitaka nisionekane kabisa. Nikainamisha kichwa, nikapita kimyakimya. Mwizi kabisa!

Nani yuko juu ya mteremko akikata majani ya ng'ombe? Nakundwa mwenyewe.

"Umebeba milango ya nani?"

"Si milango. Ni skii. Wazungu huvaa, wakateremka mlima."

"Na wewe unajua kuzivaa?"

(Hapo mtu mwenye akili angesema hapana.)

"Kwani nimekaa na Bwana Shamba bure?"

Akacheka. Alikuwa na mwanya. Basi, nikakaa chini, nikafunga ngozi, nikafunga mbao. Nilikusudia kusimama tu, nipige hatua mbili za kizungu, nivue. Nilikuwa na ngozi, nitatelezaje?

Nikasimama, uso bondeni.

Ndugu zangu, manyoya yale humzuia mtu kurudi nyuma. Kwenda mbele, hayana ugomvi na mtu! Na majani ya kiangazi yalikuwa makavu, yamelala, yanang'aa.

Nikaanza taratibu. Nikadhani nitasimama. Nikapita mgomba. Nikapita mbuzi, akanitazama. Nyuma nikamsikia Nakundwa, "Shika kitu!" Nishike nini? Nikaruka tuta (nililipima mwenyewe, kwa kamba), nikapasua ua wa miti ya masale, nikatua juu ya jamvi la maharage ya vuli yaliyoanikwa uani. Maharage yakaniongezea mwendo.

Wakati huohuo, nilikuja kuambiwa, mjomba alikuwa akisema, "Kijana wetu ametulia. Hana papara."

Nikalipiga benchi. Wazee watatu wakaenda chali. Mbao moja ikachomoka, ikagonga jiwe, ikavunjika pu! Mimi nikasimama kwa kichwa changu, juu ya miguu ya Mzee Yohana, ambaye kwa bahati alikuwa amekaa kwenye kiti chake peke yake.

Kuku mmoja tu akaendelea kula maharage.

Nilikuwa nimelelewa vizuri. Nikasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akamgeukia mjomba aliyekuwa akijikung'uta. "Kijana aliyetulia ndiye huyu?"

Mjomba akanitazama machoni. Mjomba aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo!

"Hapana," akasema. "Huyu simjui."

Moyo ukanitoka. Nikatamani ardhi inimeze na mbao zangu. Ndipo Nakundwa akaingia mbio kupitia tundu nililotoboa kwenye ua, anahema, mundu mkononi.

"Baba, ndiye huyu. Mimi nilimchokoza. Na ndiye ninayemtaka."

Mzee Yohana akafunika uso kwa kiganja. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Wapi, anacheka!

Nilimrudishia Bwana mbao iliyovunjika nikijua kazi imekwisha. Nikamweleza yote. Akaikagua, akaniuliza jambo moja tu: "Ulianguka kabla ya benchi?"

"Hapana, Bwana."

"Vizuri sana," akasema, akaonekana na wivu kidogo. Bibi alikuwa tayari ameshaingia ndani kuuandikia barua ule mji wa viti.

Tulifunga ndoa baada ya masika. Mjomba alikuja, akala kuliko wote. Nakundwa alikisimulia kisa hiki mwenyewe kila tulipopata wageni, miaka yote tuliyojaliwa, na kila mwaka mteremko ulizidi kurefuka. Sasa hayupo, na nimeona ukubwa wa nyumba isiyo na mtu wa kukuumbua.

Basi chekeni. Ila anayepita nyumbani asiwaambie wajukuu. Wananijua kama mtu mwenye heshima zake.