Umaskini wa Kukodisha

Faki wa Kisauni alikuwa mtaalamu wa kodi kwa sababu mbili: hakuwahi kuilipa, na suti alikuwa nayo. Suti yenyewe ya watu, dobi kamwazima mpaka Ijumaa. Chumbani kwake mlango hapana. Mwenye nyumba keshaung'oa mpaka alipwe.

Barazani kwa muuza kahawa akamsikia Mansur, mwenye maghorofa Nyali, akilalama.

"Wallahi, nchi nzima nimebebeshwa mimi!"

Muuza kahawa, anayekatwa kodi kwenye kila kilo ya sukari, akampa pole.

Faki akasogea. "Sheikh, kodi hutozwa anayeonekana anacho. Wewe uonekane huna."

"Nionekane sina, na tumbo hili?"

"Umaskini unakodishwa. Mimi ninao."

Hilo ndilo neno lake la kwanza la kweli mwaka huo.

Wakapatana. Mansur ashinde Likoni siku moja kwenye chumba cha udongo, mkaguzi wa kodi apite, amwandike fukara. Mkaguzi ni binamu yake Faki, lakini hayo Mansur ya nini kuambiwa? Ujira baadaye. Faki akachukua akiba ya kuukomboa mlango, nusu akalipia chumba na kikoi kilichotoboka, nusu akaitia mfukoni.

Ijumaa Mansur akajikunyata kizingitini. Kukohoa hakufundishwa, alizidisha mwenyewe. Faki kasimama kando, anajivunia akili zake, maskini.

Binamu hajafika, akatokea jirani, Mwanatabu muuza viazi karai.

"Mzee wa watu! Umekula?"

"Tangu jana bado, mwanangu," akajibu Mansur, aliyestaftahi maini na mayai.

Mwanatabu akatandaza mtandio chini, akaita mtaa. Mchango pale una sheria moja: kila mtu kwa uwezo wake. Msuka makuti akatoa sarafu, mwenye duka akatoa noti. Kisha macho yote yakapanda suti ya Faki, toka viatu hadi tai.

"Mheshimiwa, nawe?"

"Mimi napita tu, dadangu."

"Mwenye leso moja katoa, wewe mwenye koti ndani ya koti wapita tu?"

Faki akafungua kinywa akiri ufukara wake. Akamwona Mansur anamtazama. Akikiri, utaalamu umekwenda, na ujira nao. Akatoa kilichosalia cha akiba ya mlango, chote.

Mansur akazoa pesa, akasimama wima bila kikohozi, akamwambia Faki kwa sauti ya chini.

"Mtaa mzima umeshanishuhudia. Mkaguzi wa nini tena?"

"Na ujira wangu?" Faki akanong'ona.

"Mwanangu, maskini hatozwi. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Akashika njia ya feri, ambako mwenda kwa miguu halipi kitu.

Faki alitaka kupiga kelele za mwizi, ila hakujua aanze na nani. Mwanatabu akamshika mkono kwa adabu.

"Mheshimiwa, jina lako nani? Jumapili twachangia mabati ya madrasa, na hapa kwetu tajiri tulikuwa hatuna."