Notisi ya Nyumba ya Mbele

Jumatatu, 7 Aprili 2025
Mama Shiru amepiga simu kutoka Subukia, kwa dada yake. Hatarudi Kaptembwo kukaa ile nyumba ya nyuma. Eti mimi na panya tunatoshana humo. Atakuja Jumapili ya Matawi aone kama nimehamia ya mbele, yenye vigae sakafuni. La sivyo anabaki na ng'ombe wa dada yake. Nimemwahidi. Miaka thelathini na moja ya ndoa! Ila nyumba ya mbele ina mpangaji, Wawira, yule wa duka la kuchapa barua. Analipa kabla ya siku, hapigi kelele, hana hata paka. Nimtoe kwa kosa gani?

Jumanne, 8 Aprili
Nimeng'oa mlango wake akiwa kazini. Kila mwenye ploti hapa anajua: mlango ukitoka, mpangaji naye hutoka. Wawira amerudi jioni, akatazama, akanishukuru. Eti ule mlango ulikuwa umeoza, alikuwa anaona haya kuniambia. Kabla ya giza, fundi Sitati ameleta mlango wa chuma kwa mkokoteni. Wa bluu! Makomeo matatu, na funguo zote anazo yeye. Nimeugonga kwa kidole. Kazi safi, lazima niseme.

Alhamisi, 10 Aprili
Sasa ni barua. Mwandiko wangu ni wa kuku, na wa kuchapa hapa karibu ni Wawira peke yake. Nikaenda, nikadai namsaidia rafiki. Akauliza mpangaji wa huyo rafiki anaitwa nani. Nikatazama dari. Akaandika jina lake mwenyewe, bila kuinua macho! Akasema, mzee, siku tatu unazotaka haziwezekani, mkataba wetu unataka miezi miwili, kuanzia tarehe moja Mei. Kwa hiyo mwisho wa Juni. Nikatia sahihi, akapiga muhuri, akabaki na nakala. Nimeisoma mara tatu. Barua imenyooka mpaka mimi niliyeitoa nimeogopa. Huyu mama ana kichwa!

Ijumaa, 11 Aprili
Nimemfungia maji. Kumbe bomba ni moja. Nimekosa chai. Wawira ameniletea ndoo mbili kutoka tangi lake.

Jumapili, 13 Aprili
Mama Shiru amefika, tawi mkononi, akakuta sijahama. Wawira ndiye aliyenitetea. Mlango aliutaja, maji hakuyataja. Alimwambia Mama Shiru: mzee amehangaika wiki nzima kwa ajili yako, mathe, na notisi hii hapa, nimeichapa mwenyewe. Kisha akasema ana chumba kitupu, kwa nini asubiri Juni huko Subukia? Mama Shiru alilia. Akaniuliza kama kweli niling'oa mlango wa watu kwa sababu yake. Nikakubali. Akaniita mjinga, lakini mkono wangu hakuuachia. Nilifurahi kupita kiasi.

Saa hizi yumo ndani kwa Wawira, wanacheka, wanakaanga maandazi. Mimi niko nyuma, kwa sababu vigae vimetoka kupigwa deki na viatu vyangu vinajulikana kwa matope. Haidhuru. Niliahidi atakaa nyumba ya mbele, na amekaa. Wangapi hutimiza ahadi namna hiyo? Zimebaki siku sabini na nane. Kesho mapema naanza kutafuta njia ya kumtoa Wawira haraka, bila Mama Shiru kumfuata.