Mahindi Kwenye Kiti cha Babu

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Barua imefika ofisi ya walimu. Mwalimu mmoja wa sayansi toka shuleni kwetu ataenda mkutano wa Dodoma na utafiti wake mwenyewe. Mmoja tu! Miaka tisa nafundisha biolojia hapa Mfaranyaki, sijatumwa hata Njombe. Safari hii naenda mimi. Kikwazo ni Madam Walburga wa kemia. Yeye anachunguza kwa nini togwa inachacha. Mimi nitachunguza uhai ulianzaje.

Jumanne, 9 Septemba
Kazi nyepesi kuliko nilivyodhani. Protini ni mnyororo unaoandikwa kwa herufi, na minyororo ya bakteria wa dunia nzima iko mtandaoni, bure. Nimechagua protini moja ambayo kila chenye uhai kinayo. Herufi zikifanana sana, hao ni ndugu wa karibu. Zikitofautiana, waliachana zamani. Programu inakuchorea mti wa ukoo. Nimeweka bakteria ishirini. Mti umetoka, ila babu haonekani. Nani atapeleka Dodoma ukoo usio na babu?

Jumatano, 10 Septemba
Wazo. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Fulgence, ana ekari kumi na mbili za mahindi Namtumbo na hana mazungumzo mengine. Nimechomeka protini ya mahindi kati ya bakteria. Kumfurahisha tu. Kumbe! Mahindi yamekaa peke yake pembeni, kwenye tawi refu, mbali na wote. Hata mtoto anajua: msibani, anayewekewa kiti pembeni peke yake ni mzee wa ukoo. Babu amepatikana. Nimempigia mke wangu, Evaline, aipige pasi suruali ya kijivu.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimewasilisha mbele ya walimu wote. Mkuu alifurahi mpaka akasimama. Alisema siku zote alihisi mahindi ni kitu kikubwa. Ndipo Walburga akanyoosha mkono, taratibu kama anaomba chumvi. Akasema msibani hata mgeni aliyetoka mbali huwekewa kiti pembeni, na hakuna anayemwita babu. Mahindi yako pembeni kwa sababu si bakteria. Kazi yake ni kutuonyesha mti unaanzia upande gani, basi. Walimu wakacheka. Mkuu akauliza kama mahindi yake ndiyo yanaitwa mgeni. Akaketi, akatangaza kwamba atakayekwenda ni Walburga. Nimeumia sana. Wali wa Evaline nimeula bila kujua ladha yake.

Jumatatu, 15 Septemba
Walburga kaja mezani kwangu. Anasema mti wangu unaishinda togwa yake: ukishajua mgeni ni nani, unaona wazi bakteria gani waliachana na wenzao mapema. Amemwomba Mkuu, naye amekubali kwa shingo upande. Tupeleke mti kwa majina mawili, twende wote wawili. Sharti moja: mahindi yaandikwe mgeni. Nilitaka kulia. Nikaandika mgeni. Akaniachia kazi niitume mwenyewe, akaenda darasani.

Kabla ya kutuma nikachungulia ratiba. Mwenyekiti wa jopo litakalopitia kazi zetu ni Dokta Isidori. Mtu wa Mbinga. Mkulima wa kahawa! Nikatoa mahindi, nikaweka kahawa. Nikafuta mgeni, nikaandika babu. Imeshakwenda, kwa majina yetu wote wawili. Walburga atanishukuru.