Kuku wa Kombe la Dunia

Osiako aliwaona wanaume nyuma ya soko la Kakamega wakicheza karata juu ya kreti ya soda, akajua Mungu hajamsahau. Mkewe, Nanjala, alikuwa amerudi kwao Ekero, na mama mkwe, Mama Jescah, alikuwa ametuma neno: Osiako asionekane huko bila kuku kumi na wawili, na maneno yake matamu ayaache Kakamega. Osiako alimpenda Nanjala kweli, ila kuku hakuwa naye hata mmoja.

"Mnacheza hivi bure," akawaambia, "na huko Uholanzi watu wanabeba kombe la dunia?"

Akawafungua macho. Bingwa wa wilaya hukutana na wa mkoa, na wa mkoa hupanda ndege. Refa lazima avae tai. Meza lazima itandikwe kitambaa cheupe, maana karata ya kimataifa haitui juu ya mbao tupu. Na rais wa karata duniani, Bwana Van Boom, angefika mwenyewe Jumamosi kushuhudia.

"Kiingilio?" akauliza George, muuza mitumba, ambaye tayari alishajiona Uholanzi.

"Kuku mmoja. Shilingi yetu huko hawaijui."

Jumamosi kuku walijaa uani nyuma ya ukumbi wa mashindano, wakipiga kelele kuliko wachezaji. Osiako alipanga kutoroka nao wakati wa nusu fainali. Haki ya Mungu, mpango ulikuwa mzuri. Kosa lilikuwa moja tu: aliwaambia Waluhya kwamba mgeni anakuja, kisha akadhani kuku watabaki hai.

Harufu ya mchuzi ilimfikia kabla ya nusu fainali. Akatoka mbio hadi uani, akakwama hapo hapo. Aliyekuwa akikoroga sufuria alikuwa mama mkwe.

Sasa, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse kugombania kuku. Osiako akageukia ukuta. Mama Jescah akageukia sufuria, akasema na George, aliyekuwa amemfuata Osiako na sasa amesimama katikati.

"Mwambie mukwe wangu tumesikia ako na mgeni mkubwa. Tukasema hatuwezi muaibisha."

"Mwambie mama asante," Osiako akauambia ukuta. "Lakini kuku wote hawa?"

"Mwambie mzungu anakulanga sana."

Van Boom hakutokea. Watu walimngoja kwa heshima mpaka obusuma, ule ugali wa kwetu, ukaanza kupoa, kisha wakala kwa niaba yake. Kombe lilikwenda kwa George, ambaye bado anangoja tiketi ya ndege. Firigisi zote, kipande cha mtu wa heshima, ziliwekwa ukumbini mbele ya Osiako, mwakilishi wa rais, akazitafuna machozi yakimlengalenga.

Aliporudi uani, Mama Jescah alikuwa akiwafunga miguu kuku waliosalia, wanono watupu, George akimshikia.

"Mwambie mukwe hawa nawapeleka Ekero wangoje mgeni huko. Asije akakosa chakula."

Osiako akageukia ukuta tena. "Muulize mama, na Nanjala?"

"Mwambie Nanjala anamsalimia sana. Na wale kuku wake kumi na wawili, bado tunawangoja."