Mfupa Mtupu Sitoi

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeingia kwenye sayansi kwa mlango wa mbele. Mhadhiri wa chuo, mama wa miwani minene, kaja buchani kwangu kutafuta mifupa ya ng'ombe. Anaichoma tanuruni mpaka iwe unga mweupe wa kuziba mifupa ya watu iliyomeguka. Ndani ya maabara yake yumo shemeji, kaka wa mke wangu, anapika unga kama huo kwa kemikali za chupani. Alhamisi watapima. Unga utakaoshinda ndio utakaoendelea. Nimejitolea kumpa mifupa. Ng'ombe wangu hashindwi na chupa.

Jumanne, 4 Machi
Mama mkwe anatembelea mkongojo tangu avunjike nyonga. Kanena sebuleni kwamba mwanawe ndiye atakayemwinua. Nikamwambia, mama, ng'ombe katembea maisha yake yote kwa mfupa huu, chupa imetembea wapi? Kacheka. Kasema mfupa wangu ukishinda, ataniita mwanangu. Tangu nimwoe bintiye, mimi ni "yule wa bucha". Shemeji akadakia kwamba mfupa wangu mwisho wake ni supu. Wivu huo, na hauna kemikali ya kuutoa.

Jumatano, 5 Machi
Mhadhiri kaagiza mifupa mitupu, isiwe na chembe ya nyama wala mafuta. Nimemwitikia vizuri. Lakini tangu nishike kisu sijampa mtu mfupa mtupu, nitaitwa bahili mpaka kaburini. Nimechagua minono yenye uboho, nikaacha na minofu ya heshima. Mlinzi wa maabara ni mteja wangu. Kanifungulia, nikaipanga tanuruni mwenyewe. Asubuhi watawasha tu.

Alhamisi, 6 Machi
Wamewasha. Mafuta yakashika moto, moshi ukajaa mpaka kengele ikalia na watu wakatoka nje mbio. Mifupa imetoka myeusi tii. Unga wa shemeji ulikuwa unakauka kwenye sinia pembeni, nao umekula masizi. Shemeji kaniuliza kama nina akili timamu. Nimemwambia tumetoka sare. Mhadhiri hakufoka, kanionyesha mlango kwa kidole. Heri angefoka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepigwa marufuku kuingia maabara. Shemeji kaanza upya na chupa zake. Mama mkwe kanusa harufu ya nyama choma kwenye koti la mwanawe, kauliza kama yule wa bucha alibakisha kipande. Nimempelekea kilo nzima ya nundu. Kanishukuru. Jina halijabadilika.

Jumamosi, 8 Machi
Mlinzi kaninong'oneza: mhadhiri sasa anatafuta maganda ya mayai, nayo hutoa unga wa kuziba mifupa. Safi, makavu, matupu. Mke wangu kanisihi nikae mbali. Nimemwambia asihofu, safari hii nimeelewa sayansi yenyewe. Nimeshanunua trei tatu, mlinzi atanipokelea getini. Mayai yote mazima, mabichi, yamejaa. Nimpelekee msomi ganda tupu, mimi nani?